Gari kuukuu la familia: Bei ya chini si dalili ya ubovu

RAHISI ni ghali, walisema wahenga. Hata hivyo, kuna vitu ambavyo urahisi wake hautokani na ubovu bali na sifa vilivyobandikwa sokoni. Mfano mmoja katika barabara za Kenya ni Nissan Wingroad, gari la familia ambalo wanunuzi wengi hulipuuza wakikimbilia Toyota Fielder.

Wingroad ya muundo wa Y11 iliuzwa nchini Japani kati ya mwaka wa 1999 na 2005. Kwa kuwa sheria za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane, gari hilo sasa hupatikana tu kutoka kwa wamiliki wa humu nchini.

Je, kwa nini bei yake iwe chini? Wakenya wengi wanaponunua gari huwaza pia siku watakayoliuza. Imani iliyoenea ni kwamba Toyota hununuliwa upesi ilhali Nissan hukaa sokoni, na imani hiyo humlazimu muuzaji kupunguza bei. Hivyo basi, bei hiyo hupima wepesi wa kuuza zaidi ya inavyopima uimara wa injini.

Hapa ndipo faida ya mnunuzi ilipo, mradi ajue analolitaka. Anayenuia kuliuza gari baada ya mwaka mmoja atapunjwa kama alivyopunjwa mwenzake. Lakini mzazi anayetaka kuwapeleka watoto shuleni na kwenda mashambani Krismasi kwa miaka mingi hana sababu ya kulipia sifa ambayo hataiuza.

Gari lenyewe hubeba watu watano, na viti vya nyuma hukunjwa kutoa nafasi ya magunia. Injini yake ya sentimita mchemraba 1,500 hutumia mnyororo badala ya mshipi wa kubadilishwa kila baada ya muda. Aidha, vipuri vyake vingi hufanana na vya Nissan Sunny B15 na AD Van, hivyo si vigumu kuvipata katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi.

Licha ya hayo, gari hili halisamehe uzembe. Mnyororo hutegemea oili safi; oili ikichakaa au kupungua, mnyororo hulegea na kuanza kugonga, hasa injini inapowashwa asubuhi. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, na maji yakiisha kwenye rejeta hupinda kwa joto. Kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini kikichafuka au kuharibika, gari hutetema na kubugia petroli, na makanika asiyekijua hubadilisha vipuri visivyo na hatia. Nazo Wingroad zenye gia za CVT huhitaji mafuta maalumu. Mafuta ya gia za kawaida huziharibu.

Kwa hivyo, mnunuzi aliwashe gari likiwa baridi, asikilize mlio wa mnyororo na kukagua maji ya rejeta. Asilikubali gari ambalo limepashwa moto kabla ya yeye kufika. Vilevile, athibitishe umiliki kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), na asikamilishe malipo kabla ya muuzaji kuanzisha uhamisho wa umiliki.

Suala jingine ni bima. Sheria, Sura ya 405, humlazimu mwenye gari kuwa na bima ya kuwakinga watu wengine. Wamiliki wengi wa magari makuukuu hukomea hapo kwa sababu ya gharama. Wafahamu kwamba bima hiyo haiwafidii gari lao likiibwa au kubingirika.

Mwisho, pesa zilizookolewa kwenye bei zisitumiwe zote mahali pengine. Sehemu yake itengwe tangu siku ya kwanza kwa oili, mabomba ya rejeta, breki, magurudumu na bushi. Asiyefanya hivyo atakuja kuilipa tofauti hiyo kwa makanika, pengine usiku, kando ya barabara, familia ikiwa ndani ya gari.