Mgeni wa kulala analeta kipato, ila siku ya tatu mpe jembe

Chumba kilichobaki wazi baada ya watoto kwenda kujitegemea kinaweza kuiingizia familia ya kijijini fedha kuliko debe la mahindi, iwapo mwenye nyumba anajua anachokifanya. Vijana kutoka Ulaya na Marekani wanaokuja Tanzania kujitolea au kujifunza Kiswahili mara nyingi hupangiwa kuishi na familia, na familia hiyo hulipwa chakula na malazi.

Jambo hili si geni. Vijana wa Peace Corps wa Marekani walianza kufika Tanganyika mwaka 1961, na utaratibu wao wa mafunzo humweka mgeni kwenye familia kwa wiki kadhaa kabla hajapelekwa kituoni. Ujerumani ilianzisha mpango wake wa weltwärts mwaka 2008. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la Uholanzi la SNV lilisaidia kuanzisha utalii wa utamaduni, na vijiji kama Ng'iresi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, na Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara, vikaanza kupokea wageni mashambani na majumbani.

Kabla ya kufurahia malipo, mwenye nyumba akae chini apige hesabu. Tuseme analipwa Sh15,000 kwa siku. Chakula kinachukua Sh6,000, mkaa na maji Sh2,000, umeme na sabuni Sh1,000. Kinachobaki ni Sh6,000. Lakini chumba kilihitaji kitanda, godoro, chandarua, rangi na kufuli, kwa sababu mashirika mengi hudai mlango wa chumba cha mgeni ufungwe kwa ufunguo. Kama matengenezo hayo yaligharimu Sh600,000, itachukua siku 100 kuzirudisha. Mgeni wa wiki kumi hukaa siku 70 tu na kuacha Sh420,000. Faida huanza kuonekana kwa mgeni wa pili.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi popote, nayo ni jasho la mama. Yeye ndiye anayeamka kuchemsha maji, kupika mara tatu na kufagia, wakati bahasha ya malipo mara nyingi huishia mfukoni mwa baba. Familia zisizoelewana juu ya hilo tangu mwanzo hugombana mbele ya mgeni, na mgeni akiomba kuhamishwa, malipo yanahama naye.

Wiki ya kwanza ndiyo ngumu, na ugumu wenyewe mara nyingi hutokana na ukarimu. Mgeni huwekwa sebuleni peke yake, akaletewa sahani iliyojaa kuku, huku wenyeji wakila jikoni. Wenyeji wanaona wamemheshimu. Yeye anaona ametengwa. Halafu kuna suala la kumaliza chakula. Mjerumani aliyefundishwa kwao kutobakiza chakula atamaliza sahani ili kuonyesha adabu, mama ataona hajashiba na kumwongezea, naye atamaliza tena. Baada ya siku nne tumbo linamsumbua na kila mtu anadhani ni maji.

Saa nazo huleta mkasa. Ukimwambia mtu aliyetua juzi kwamba kikao ni saa mbili, yeye husikia saa nane mchana. Mwonyesheni kwa saa ya mkononi mpaka azoee ile tofauti ya saa sita. Chakula cha usiku pia: kwao wengi hula jioni mapema, kwetu ugali unaweza kuiva saa tatu. Ndizi mbili za saa kumi na moja jioni zinatosha kumaliza tatizo hilo.

Mgeni akifunga mlango mchana, asidhaniwe amekasirika. Watu wengi wa huko hupumzika kwa kukaa peke yao, na watoto wanaochungulia dirishani kila baada ya dakika tano humchosha kuliko safari.

La kuulizwa siku ileile anayofika ni chakula kinachomdhuru. Wapo wasiokula nyama, hilo ni dogo, maharage yapo. Hatari iko kwenye karanga. Kwa mwenye mzio nazo, kijiko kimoja cha mchicha uliotiwa karanga kinaweza kumfunga pumzi na hata kumuua. Mama ajue, na dada wa kazi ajue. Wote waonyeshwe pia dawa ya dharura ya mgeni inakaa wapi. Maji ya kunywa yachemke hadi yatokote kwa dakika moja, na dakika tatu kwa wanaoishi sehemu za juu sana milimani. Siku hiyohiyo apelekwe kwa balozi na kwa mtendaji wa kijiji.

Siku ya tatu, kama wahenga walivyosema, mpe jembe. Wengi hulisubiri kwa hamu. Mgeni aliyepalilia migomba asubuhi, akabeba ndoo yake na kuchambua mchele na wenzake, hujifunza Kiswahili haraka kuliko anayekaa na daftari. Nguo zake za ndani afue mwenyewe.

Yapo makosa mawili yanayovunja uhusiano huu upesi. La kwanza ni kumwomba mgeni simu au ada ya shule katika mwezi wa kwanza. Wengi wao ni vijana wanaoishi kwa posho. La pili ni kukopa kwa kutegemea wageni wajao. Machi 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipoenea, Peace Corps iliwarudisha nyumbani vijana wake wote duniani ndani ya siku chache. Vyumba vikabaki na vitanda vyake, na mwenye deni la godoro akaendelea kulilipa kwa maziwa ya ng'ombe.