Mwanao anataka kuwa rubani? Msimulie kisa cha mshindi wa mbio za ndege aliyetokea Nairobi

Kisiwani Pemba, ndege ndogo inaposhuka kuelekea uwanja wa Chake Chake, watoto huacha mchezo wakaangalia juu. Baadhi yao, ukiwauliza wanataka kuwa nani wakikua, hujibu bila kusita: rubani. Mama hucheka, baba hufikiria ada, na moyoni wote wawili huwa na swali moja: je, kazi hiyo si ya hatari?

Swali ni la haki, na kisa cha Tom Campbell Black kinalijibu kwa pande zote mbili. Huyu alishinda mbio kubwa kuliko zote za ndege za wakati wake, lakini urubani wake ulikomaa katika anga ya Afrika Mashariki, akibeba barua na abiria.

Kazi kwanza, sifa baadaye

Campbell Black alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1899. Alirusha ndege katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akahamia Kenya. Mwaka 1929, mjane mmoja mlowezi, Florence Kerr Wilson, alianzisha shirika la ndege la Wilson Airways mjini Nairobi, na Campbell Black akawa rubani wake mkuu. Jina la Wilson bado lipo: ndilo la uwanja wa Nairobi ambako ndege ndogo huruka hadi leo. Enzi hizo za ukoloni, usukani wa ndege haukuwa wa mtoto wa Kiafrika. Mzazi wa leo hana budi kukumbuka kuwa mlango huo sasa uko wazi.

Kazi yenyewe haikuwa na shangwe. Redio za kuongozea zilikuwa adimu, viwanja vingi vilikuwa vya nyasi, na ramani hazikuonyesha kila kitu. Rubani alijifunza kusoma mawingu, mito na milima kama nahodha wa jahazi anavyosoma kusi na kaskazi. Mwaka 1931, akipita juu ya mabwawa ya mto Nile nchini Sudan, Campbell Black ndiye aliyemkuta rubani maarufu wa Kijerumani, Ernst Udet, aliyekuwa amekwama huko na ndege yake, akamfikishia msaada.

Mwaka huohuo alimfundisha kurusha ndege Beryl Markham, mwanamke aliyekulia Njoro akifunza farasi wa mashindano. Wenye mabinti wasipite haraka hapa. Septemba 1936 Beryl aliruka peke yake kutoka Uingereza, akavuka bahari ya Atlantiki usiku kucha dhidi ya upepo, akatua kwa dharura kwenye tope huko Nova Scotia, Canada. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi.

Saa 71 hadi Melbourne

Mwaka 1934 tajiri wa Australia aliyetengeneza peremende na chokoleti, Macpherson Robertson, aliweka zawadi ya pauni 10,000 kwa atakayefika wa kwanza kutoka Uingereza hadi Melbourne, mji uliokuwa ukiadhimisha miaka 100. Njia ilikuwa ya zaidi ya kilomita 18,000, na vituo vya lazima vilikuwa vitano: Baghdad, Allahabad, Singapore, Darwin na Charleville.

Alfajiri ya tarehe 20 Oktoba, ndege 20 ziliondoka Mildenhall. Campbell Black aliruka na mwenzake, C.W.A. Scott, katika ndege nyekundu ya mbao aina ya Comet, yenye injini mbili na viti viwili vilivyofuatana. Walipokezana usukani mchana na usiku. Walipokuwa juu ya bahari ya Timor, wakielekea Darwin, injini moja ilianza kuwasumbua. Hawakuilazimisha, waliipunguzia kazi, wakaendelea kwa uangalifu hadi mwisho. Walifika Melbourne baada ya saa 71 hivi, wakati safari hiyo kwa meli ilichukua wiki kadhaa.

Wa pili hakuwa ndege ya mbio. Alikuwa ndege ya abiria ya shirika la KLM la Uholanzi, iliyokuwa na abiria na barua ndani. Usiku wa mwisho ilipotea katika dhoruba karibu na mji wa Albury. Wakazi waliwasha taa za magari yao kuzunguka uwanja wa mbio za farasi, ikatua salama, na asubuhi wakaivuta kutoka kwenye matope ili iendelee.

Lakini mbio hizo ziliua pia. Marubani wawili walianguka na ndege yao nchini Italia, wakafa.

Ushindi haukumlinda

Baada ya Melbourne, Campbell Black aliendelea kutafuta rekodi. Septemba 1935 alijaribu njia ya Uingereza hadi Cape Town, ndege ikaharibika juu ya Sudan, yeye na mwenzake wakaruka kwa parachuti, wakaokoka.

Mwaka uliofuata alijiandaa kwa mbio za kutoka Portsmouth hadi Johannesburg. Tarehe 19 Septemba 1936, katika uwanja wa Speke mjini Liverpool, ndege yake ilikuwa bado iko ardhini. Ndege ya kijeshi iliyokuwa imetoka kutua iliigonga, naye akafariki akiwa na miaka 36. Hakuuawa na bahari, dhoruba wala usiku. Aliuawa na mgongano wa ardhini, siku ya kawaida.

Mbio zenyewe zilianza siku kumi baadaye. Ndege tisa ziliondoka, ikafika moja tu, ya Scott, mwenzake wa Melbourne, na rubani mwingine kijana. Ndege nyingine ilianguka Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia, si mbali na mpaka wa Tanzania. Watu wawili walikufa.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, atofautishe mbio na kazi. Sehemu kubwa ya kanuni za leo za usafiri wa anga zimetokana na ajali za zamani: mwongozaji anayeamua nani aingie barabara ya kurukia, orodha ya ukaguzi kabla ya kuwasha injini, mipaka ya saa za kazi ili rubani asichoke. Mtoto anayesema anataka kuwa rubani anaomba kuingia katika kazi ya kufuata utaratibu.

Pili, aangalie tabia kabla ya ndoto. Je, mtoto humaliza alichoanza? Hukubali kusema "nimekosea" mapema? Hisabati, fizikia na Kiingereza ni vya lazima, kwani mazungumzo ya redio kati ya nchi na nchi hufanywa kwa Kiingereza.

Tatu, ajue masharti. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi hutolewa kuanzia miaka 17, na ya biashara kuanzia miaka 18. Ya kwanza huhitaji saa 40 hivi za kuruka, ya pili hufika saa 200, ingawa kozi zilizoidhinishwa huweza kupunguza. Uchunguzi wa afya, yakiwemo macho na uwezo wa kutofautisha rangi, ni vyema ufanywe kabla ya kulipa ada. Inasikitisha familia kuuza shamba la mikarafuu, kisha kijana akwame kwenye kipimo cha macho.

Nne, kabla ya kutoa fedha, aulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kama chuo kimeidhinishwa, na aombe gharama yote kwa maandishi, kwa saa za kuruka, si kwa mwezi. Hali ya hewa ikiwa mbaya, mwezi huisha saa zikiwa hazijatimia.