Majarini Haijavunja Ndoa ya Mtu

Mwaka 2000 Wamarekani walikula wastani wa ratili 8.2 za majarini kila mmoja. Kufikia 2009 ulaji ulikuwa umeporomoka hadi ratili 3.7. Katika miaka hiyohiyo, jimboni Maine, talaka zilishuka kutoka 5 kwa kila watu 1,000 hadi 4.1. Ukiichora mistari hiyo kwenye karatasi moja, inateremka bega kwa bega kama maharusi wanaoshuka ngazi. Kipimo cha uwiano, ambacho ukomo wake ni 1, kinafika 0.99.

Aliyeianika jozi hiyo ni Tyler Vigen, mwaka 2014, akiwa mwanafunzi wa sheria Harvard. Alitengeneza programu ya kompyuta iliyolinganisha takwimu za kila aina. Ikaibuka na jibini ya mozzarella, ambayo ulaji wake ulipanda sambamba na shahada za uzamivu za uhandisi wa ujenzi.

Raha ya mambo haya ni kutafuta kilichojificha nyuma yake. Majarini ilikuwa na sababu zake: kwa kuhofia moyo, watu waliogopa mafuta yanayogandishwa kiwandani, na tangu Januari 2006 sheria ya Marekani ikalazimisha kiasi cha mafuta hayo kiandikwe kwenye pakiti. Ndoa za Maine hazikuhusika hapo. Lakini vitu vinavyopungua ndani ya miaka 10 ni vingi mno, na anayevishindanisha vyote hawezi kukosa pacha. Tena mstari wenyewe una nukta 10 tu!

Chokoleti ndiyo iliyowanasa wengi. Mwaka 2012 daktari Franz Messerli alichapisha katika New England Journal of Medicine ulinganisho wa nchi 23: kadiri watu walavyo chokoleti ndivyo nchi ilivyo na washindi wengi wa Nobel kulingana na idadi ya watu wake, Uswisi ikiwa kileleni. Magazeti yakaibeba habari hiyo duniani kote. Kwangu mimi, jibu limo mfukoni: nchi yenye pesa za chokoleti ina pesa za maabara. Kodivaa na Ghana huvuna zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, ila sehemu kubwa huliwa kwingine.

Sweden iliharibu hesabu. Kwa kilo 6.4 za chokoleti kwa kila mtu kwa mwaka, ilitarajiwa kuwa na washindi 14 hivi. Ilikuwa nao 32. Messerli mwenyewe akauliza kama kamati ya Stockholm haiwapendelei wa nyumbani.