Picha ya Kichwa: Lini Ulipie, Lini Usubiri

Bodaboda ikiteleza kwenye kona za Malindi ya Lushoto msimu wa mvua, gunia la kabichi hutangulia bondeni na dereva hufuata. Akishainuka na kujipangusa matope, ndugu zake huanza kupiga hesabu palepale: apelekwe Tanga akapigwe picha ya CT ya kichwa, au alazwe Lushoto hadi kukuche?

Hesabu yenyewe haiishii kwenye bei ya picha. Kutoka Malindi unapita Magamba hadi Lushoto mjini, unashuka Soni na Mombo, unapita Korogwe na Segera, ndipo uingie Tanga kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Kuna mafuta ya gari la wagonjwa au Noah ya kukodi, chakula na malazi ya wasindikizaji wawili, na viazi vinavyoozea shambani hakuna wa kuvitoa. Usiku mmoja wa uangalizi Lushoto ni kitanda, panadoli, na muuguzi anayempima mgonjwa mara kwa mara. Kwa watu wengi waliogonga kichwa wakabaki na akili zao timamu, huo usiku wa bei nafuu unatosha kabisa.

Asiyetosheka nao anajulikana kwa dalili. Mwaka 2001 Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni ya kuamua nani apigwe picha, inayotumika hadi leo. Inamhusu mtu mzima aliyepoteza fahamu kidogo, aliyesahau kilichotokea au aliyechanganyikiwa, ambaye sasa anaongea. Dalili nzito ni tano: saa mbili zimepita na bado hajarudi sawasawa, yaani hajafikisha alama 15 za fahamu ambazo madaktari hupima kwa macho, maneno na viungo; fuvu linaonekana kubonyea au kufunguka; kuna ishara za ufa chini ya fuvu, kama maji au damu kutoka puani au masikioni, au macho kuzungukwa na weusi; ametapika mara mbili au zaidi; au ana miaka 65 na kuendelea. Ikiwepo hata moja, picha inahitajika. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, au aliyepata degedege baada ya kuumia, hapimwi kwa kanuni hii, naye apelekwe. Aliyezimia haamki, au ambaye mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, hana haja ya kanuni yoyote. Huyo ni gari, sasa hivi.

Wakanada walitaka kupunguza picha zisizo za lazima, mahali ambapo mashine iko chumba cha pili. Sisi wa milimani kanuni ileile inatufaa kwa jambo jingine: kujua safari ipi haingoji asubuhi. Damu inayovujia kati ya fuvu na utando wa ubongo inaweza kumwacha mtu akaongea, akatania, akala ugali, kisha saa chache baadaye akalala usingizi usioamshika. Ndiyo maana kauli ya "amelewa tu huyo, mwacheni" inaniudhi. Pombe ya miwa haimkingi mtu na damu kichwani; inaificha tu.

Kuna pesa nyingine zinazoliwa njiani bure. Eksirei ya fuvu inaonyesha ufa, haionyeshi damu wala uvimbe wa ubongo, na fuvu zima halimaanishi ubongo mzima. CT ya jeraha jipya haihitaji dawa ya kung'arisha mishipa, kwa hiyo ukitajiwa bei, uliza kama ni ya picha tupu. MRI ni ghali zaidi, huchukua muda mrefu, na kwa usiku wa ajali haina faida. Sindano za steroidi za "kupunguza uvimbe" ndizo mbaya kuliko zote: utafiti uitwao CRASH, uliochapishwa 2004 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 10,000, ulikuta waliopewa wamekufa ndani ya wiki mbili kwa asilimia 21, dhidi ya 18 kwa wasiopewa.

Kwa mtoto, pima polepole zaidi. Mionzi inamdhuru kuliko mtu mzima, na utafiti wa Marekani wa 2009 uliofuatilia watoto zaidi ya 42,000 ulionyesha kwamba asiye na dalili za hatari anaweza kuachwa bila picha kwa usalama.

Mzee ni kinyume chake. Ubongo wake umenywea, mishipa midogo imevutika, na damu huvuja taratibu. Babu anateleza barazani, anacheka, na baada ya wiki tatu anaanza kuburuta mguu na kusahau majina ya wajukuu. Watu husema uzee. Kama kuna kuanguka nyuma ya hayo, hapo ndipo ningetoa fedha ya picha bila kubishana, kwa sababu damu ya namna hiyo mara nyingi hutolewa kwa tundu dogo na mtu akarudi kwenye bao lake.

Lakini picha haitoboi fuvu. Kabla ya kuondoka Lushoto, mwombe daktari wa zamu apige simu: mashine inafanya kazi leo? Yupo wa kupasua? Bombo iko karibu kuliko hospitali ya KCMC ya Moshi, na upasuaji mkubwa wa ubongo huenda ukawafikisha taasisi ya MOI iliyoko Muhimbili. Bora kujua mapema kuliko kulipia magari mawili. Mwenye bima ya afya aulize kama CT imo kabla ya kuitegemea, na afuate rufaa kwa mpangilio. Asiyeweza kulipa aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali aombe msamaha. Chukueni nakala ya picha pamoja na majibu yake, msije mkalipishwa upya hospitali ya pili. Fomu ya PF3 ishughulikiwe na ndugu mmoja polisi wakati mgonjwa anatibiwa, na risiti zote zihifadhiwe. Kama kuna aliyemgonga mwenye bima, gharama zilizo humo ndizo zitakazodaiwa.