Kwa Nini Filamu za Zamani Hupotea?

Mwaka 1927, kijana Mjapani Yasujiro Ozu aliongoza filamu yake ya kwanza katika studio ya kampuni ya Shochiku iliyokuwa Kamata, Tokyo. Filamu hiyo, Zange no Yaiba, yaani "Upanga wa Toba", ilikuwa mchezo wa kuigiza wa zama za kale. Haikuwa na sauti. Katika kumbi za Japani za wakati huo, msimulizi aitwaye benshi ndiye aliyewaeleza watazamaji kisa. Baadaye Ozu alihesabiwa miongoni mwa waongozaji mashuhuri duniani, lakini hakutengeneza tena filamu ya zama hizo. Leo hakuna nakala hata moja ya Zange no Yaiba inayojulikana kuwapo.

Filamu nyingi za Japani za miaka hiyo zimepotea vivyo hivyo. Nakala zilikuwa chache, nazo zilizungushwa ukumbi hata ukumbi mpaka zikachakaa. Tetemeko la ardhi la Septemba 1923 na mabomu ya mwaka 1945 yaliteketeza sehemu kubwa ya Tokyo. Lakini adui mwingine alikuwa ndani ya ukanda wenyewe.

Ukanda wa filamu una matabaka mawili. La juu ni jelatini yenye chembechembe za fedha zinazofanya picha. La chini ni ukanda mwangavu unaoibeba. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ukanda huo aghalabu ulitengenezwa kwa selulosi nitrati, ambayo hupatikana kwa kutia pamba katika mchanganyiko wa asidi nitriki na asidi ya salfa. Ni kitu imara na chenye kunyumbuka, lakini ni ndugu wa baruti. Kwa kuwa molekuli zake zina oksijeni, ukishika moto huweza kuendelea kuwaka hata chini ya maji.

Hata bila moto, selulosi nitrati huoza polepole na kutoa gesi za oksidi za nitrojeni. Gesi hizo zikikutana na unyevu hufanya asidi, nayo asidi huharakisha uozo uleule ulioizaa. Picha hufifia, jelatini hunata, na mwishowe ukanda hugeuka unga wa kahawia. Joto na unyevu huzidisha kasi hiyo.

Dawa yake ni ghala lenye baridi, ukavu na hewa ya kutosha, pamoja na kunakili picha kwenye ukanda mwingine kabla hazijaharibika. Matumaini nayo hayajakatika: filamu ya Teinosuke Kinugasa ya mwaka 1926, Kurutta Ippeji, ilidhaniwa imepotea mpaka mwongozaji mwenyewe alipoikuta katika ghala lake mwaka 1971. Lakini kopo lililosahauliwa haliisubiri bahati milele, kemia haipumziki.