Daftari la Kuchorea na Hisia Nzito (Sehemu ya Pili)

Daftari la kuchorea, yaani daftari lenye kurasa zisizo na mistari ambamo mtu huchora kwa penseli, kalamu au mkaa bila kukusudia kuuza wala kuonyesha anachokichora, lilitazamwa katika sehemu ya kwanza ya makala haya kama chombo cha mafunzo ya msanii. Katika sehemu hii linachunguzwa kama mahali pa kushughulikia hisia nzito, hususan majonzi ya kufiwa na hatia ambayo mara nyingi huandamana nayo.

Wataalamu wa leo huuweka mjadala huu chini ya tiba ya sanaa, ambayo ni matumizi ya uchoraji, ufinyanzi na kazi nyingine za ubunifu katika kumsaidia mgonjwa akiwa na mtu aliyesomea taaluma hiyo. Mchoraji wa Kiingereza Adrian Hill, anayetambuliwa kuwa ndiye aliyelianzisha jina hilo mwaka 1942, alikuwa amelazwa mwaka 1938 katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Midhurst, ambako kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda kulimsaidia kuvumilia miezi ya kulala bila kazi, na baadaye akawafundisha wagonjwa wenzake pamoja na askari waliorudi kutoka vitani na majeraha. Kwa Hill, faida kubwa ilikuwa kuishughulisha akili ili isizongwe na ugonjwa. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi, kwa sababu wapo watu ambao kuchora hakukuwaondoa kwenye maumivu bali kuliwarudisha humo mara kwa mara.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Käthe Kollwitz, msanii wa Kijerumani aliyeishi Berlin na mumewe Karl, daktari wa familia za wafanyakazi. Mwaka 1914 mwana wao mdogo, Peter, alitaka kujiunga na jeshi kwa hiari, na kwa kuwa umri wake ulihitaji idhini ya baba ambaye alisita kuitoa, mama ndiye aliyemshawishi mumewe akubali. Oktoba mwaka huo huo kijana huyo aliuawa Ubelgiji akiwa na umri wa miaka 18. Kabla mwaka haujaisha Kollwitz alikwisha kuanza kufikiria sanamu ya kumkumbuka, na katika mpango wa mwanzo kijana alikuwa amelala, baba yuko kichwani pake na mama miguuni. Mpango huo ulichorwa, ukafinyangwa, ukabadilishwa, na mwaka 1919 ukaachwa kabisa. Katika miaka iliyofuata alitengeneza mfululizo wa chapa saba za mbao juu ya vita, akitumia njia ya kuchonga ubao, kuupaka wino na kuukandamiza juu ya karatasi, baada ya njia nyingine alizozijaribu kutomridhisha. Sanamu yenyewe ilisimamishwa mwaka 1932, miaka 18 baada ya kifo, katika makaburi ya askari wa Kijerumani nchini Ubelgiji, na leo imo katika makaburi ya Vladslo: wazazi wawili wa jiwe la matale waliopiga magoti, kila mmoja peke yake, na kijana hayumo.

Badiliko hilo lastahili kuzingatiwa kuliko urefu wa muda. Inaelekea kwamba mama aliyeanza kwa kumchora marehemu aliishia kuwachora waliobaki, na hangeweza kufika hapo kwa kuamua tu, kwa maana michoro iliyokataliwa ndiyo iliyomwonyesha kile ambacho hakikuwa sahihi. Hapa ndipo dhana iliyozoeleka, kwamba mtu akishaichora hasira au huzuni yake huwa ameitua, inapoonekana kuwa na upungufu. Mchoro hudai maamuzi madogo yasiyokwepeka: mgongo uiname kiasi gani, mikono ishike nini, uso uonekane au ufichwe, na hisia iliyokuwa imeutawala mwili mzima hupata mipaka, ikawa kitu kinachoweza kutazamwa, kusahihishwa na kuchorwa upya.

Kwa sababu hiyo ustadi si sharti, na pengine mkono usiozoea una nafuu yake, kwa vile haujajifunza kupendezesha. Linalofaa ni kuandika tarehe kwenye kila ukurasa na kutochana kurasa zilizoharibika, kwani thamani ya daftari imo katika mfuatano wake. Endapo mchoro ule ule unarudiwa kwa wiki kadhaa bila kubadilika hata kidogo, huku mchoraji akikosa usingizi au akiwaza kujidhuru, daftari limefika mwisho wa uwezo wake, na mhusika anapaswa kumwona daktari au mshauri nasaha; akilichukua daftari hilo, kurasa hizo zitamsaidia kueleza hali yake tangu ilipoanza.