Maji Uliyoyapakia Mwenyewe

Januari moja niliitwa kukagua kontena la futi 20 katika ghala moja kaskazini mwa Ulaya. Lilikuwa limetoka Dar es Salaam na viungo vya pilau, korosho za kukaanga na achari ya embe ya chupa. Sili ilikuwa nzima, na namba yake ililingana na ile ya kwenye hati ya shehena. Milango ilipofunguliwa, katoni za juu zilikuwa zimelowa na kulegea, na baadhi zimeshaanza kuota ukungu.

"Meli imevuja, mwanangu," alisema mama mwenye mzigo. "Bahari imeniingilia."

Nilidondoshea matone ya nitrati ya fedha kwenye katoni iliyolowa. Dawa hiyo ikikutana na chumvi ya bahari hugeuka nyeupe kama maziwa. Haikugeuka. Mzigo uliposhushwa wote, tulijifungia ndani ya kontena tupu tukitafuta mwanga unaopenya, na hatukuona hata tundu la sindano.

"Mama, haya si maji ya bahari," nikamwambia. "Yalipanda Dar es Salaam pamoja na mzigo wako."

Hakuniamini, na sikumlaumu. Chakula kikavu kilichofungwa vizuri kinawezaje kuleta maji?

Ukifunua sufuria ya wali, mfuniko hutiririka maji. Hakuna aliyeyamwaga pale. Ni mvuke uliopanda ukakutana na kitu kilichopoa kuliko wenyewe. Paa la kontena ni mfuniko wa namna hiyo. Mzigo uliopakiwa kwenye joto la nyuzi 32 hukaa na uvuguvugu wake kwa siku nyingi, kwa sababu katoni zilizobanana hazipoi upesi. Chuma cha paa hupoa usiku mmoja tu meli ikiingia kwenye baridi. Mvuke unapanda, unagusa chuma, unakuwa matone, na matone yanarudi chini juu ya katoni. Hiyo ndiyo mvua ya kontena.

Wengi hudhani mvuke huo hutoka kwenye hewa tu iliyofungiwa humo. Tupige hesabu. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi. Katika nyuzi 30, hewa iliyoshiba unyevu hubeba gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo. Kontena zima, hata likiwa tupu, lina lita moja tu ya maji hewani. Lita moja hailowanishi shehena.

Sasa tazama chini ya mzigo. Kontena hilo huingia paleti kumi za mbao. Chukua paleti ya kilo 20 yenye unyevu wa asilimia 25. Ikikauka njiani hadi kufikia kama asilimia 17, itakuwa imetoa kilo 2 za maji. Paleti kumi ni lita 20, yaani ndoo nzima ya maji iliyofungiwa pamoja na korosho. Hapo sijataja katoni zilizolala kwenye ghala lenye unyevu, wala sakafu ya kontena, ambayo ni mbao za tabaka na hunywa maji kila inapooshwa.

Hapa ndipo wauzaji wetu wengi hujikwaa kwenye muhuri. Paleti ya mbao inayovuka mipaka hupigwa alama ya shuke la ngano na herufi HT. Maana yake ni kwamba mbao zilipashwa moto hadi nyuzi 56 katikati ya ubao kwa dakika 30 mfululizo, ili kuua wadudu. Muhuri huo hausemi lolote kuhusu ukavu. Paleti inaweza kuwa na alama halali kabisa, kisha ikalala nje kwenye mvua ya masika na kunyonya maji hadi ikashiba. Mkaguzi wa mimea ataipitisha, na mzigo wako utaoza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika kabla lori halijafika. Nunua kipima unyevu, kile chenye sindano mbili za kuchoma ubao. Pima paleti na sakafu, na kinachosoma zaidi ya asilimia 18 kikatae. Ingia ndani ya kontena, fungiwa milango, tafuta mwanga. Nusa pia, kwa maana kontena lililobeba samaki au kemikali jana litayapa majani yako ya chai harufu isiyotoka. Usipakie mvua inaponyesha.

Kazi ya pili ni mpangilio. Katoni iliyo kwenye unyevu mwingi hupoteza nusu ya nguvu zake au zaidi, na nguvu za katoni ziko kwenye pembe. Panga pembe juu ya pembe, safu zisimame kama nguzo, na katoni isining'inie nje ya paleti. Mtindo wa kupishanisha kama matofali hupendeza macho, lakini huweka pembe juu ya tumbo la katoni ya chini.

Kazi ya tatu ni kuning'iniza kwenye kuta mifuko ya kloridi ya kalsiamu inayonyonya mvuke. Chagua ile inayogeuza maji inayoyanyonya kuwa jeli, isije ikavujia mzigo. Vipakiti vidogo vya silika tunavyovikuta ndani ya viatu vipya vina kazi yake ndani ya pakiti; havitoshi kwa kontena zima.

Anayeagiza kutoka nje ana balaa lake la kinyume. Makopo ya nyanya au samaki yaliyopakiwa Ulaya wakati wa baridi huweza kufika Mombasa yakiwa bado ya baridi. Fungua milango mchana wenye fukuto, nayo yatatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Lebo hubanduka na kutu huanza kwenye mikunjo ya kopo. Liache kontena limefungwa siku mbili tatu mzigo upate joto taratibu.

Hesabu pia siku. Tangu mwishoni mwa 2023, meli ziliposhambuliwa katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi ziliacha Mfereji wa Suez zikazungukia Rasi ya Tumaini Jema. Njia hiyo huongeza siku na huvusha mzigo kwenye baridi ya kusini, kisha joto la tropiki, kisha baridi tena. Kila badiliko ni nafasi nyingine ya mfuniko kutoka maji. Siku hizo hula pia muda wa matumizi, kwa hiyo kubaliana mapema na mnunuzi ni miezi mingapi ya matumizi lazima iwe imebaki mzigo ukifika.

Wala usijifariji kwa bima tu. Masharti ya bima ya shehena yanayotumika sana duniani, hata yale ya daraja A ambayo ni mapana kuliko yote, huondoa hasara inayotokana na ufungashaji usiofaa, asili ya mzigo wenyewe, au kuchelewa. Bahari ikikuingilia, kwa daraja A utalipwa. Maji yakitoka kwenye paleti zako, bima ina pa kukatalia.

Yule mama alipoteza safu zote za juu. Miezi kadhaa baadaye alinipigia simu akiwa ghalani Dar es Salaam, lori likinguruma nyuma yake.

"Mwanangu, paleti tatu zimesoma 24. Muhuri zinao. Nifanyeje?"

Kabla sijajibu, nilimsikia akiwaambia vijana wazishushe.